Ukoo wa Ujiji: dramu imegoma

Da Mwaju 06:41
Asalaam alaykum wote. Leo Alhamisi, harusi Jumamosi, landrova ya babu bado iko juu ya matofali. Dramu tatu za breki zimetoka, ya nyuma kushoto imegoma. Naomba majibu sio kusoma na kunyamaza, tiki za bluu naziona

Da Mwaju 07:30
Rama nakuona uko onlaini

Rama Dar 09:12
Waalaykum salaam. Achia handbreki kwanza

Hidaya 09:13
Fundi wa simu huyo 😂

Sudi 09:20
Kaka hii ni landrova modeli 109, handbreki yake inabana propela shafti nyuma ya giaboksi, magurudumu haiyagusi kabisa. Skrubu zote tatu nishatoa, moja ilikula kichwa nikaitoboa na drili, ajasta nimelegeza mpaka mwisho. Dramu inazunguka na habu, kile kitovu cha gurudumu, vizuri kwa hiyo shuu za breki hazijabana, ni kutu tu pale katikati inapokaa kwenye habu, limenyeshewa toka msiba

Hidaya 09:22
Paka mawese

Anko Shabani 09:40
Mawese yakigusa shuu bi harusi atapitiliza mpaka ziwani 😂😂

Shangazi Tatu 09:41
[picha: Ijumaa Njema]

Hidaya 09:41
Shangazi leo Alhamisi

Rama Dar 10:15
Gonga na nyundo basi. Na lile vumbi usipulize, shuu za zamani zina asbesto, mapafu yatakwisha

Sudi 10:31
Nagonga taratibu kuzunguka, ukingoni sigusi, ile chuma ya kumimina inapasuka kama chungu. Moto ungesaidia ila naogopa oili sili, na mtungi wa gesi uko kwa jirani ambaye toka jeki yake ipotelee Kasulu hatusalimiani

Rama Dar 10:32
Jeki sikupoteza mimi

Da Mwaju 10:32
Hujatajwa

Rama Dar 10:33
Kila harusi lazima jeki. Kila harusi!!

Baba Mkubwa 13:05
Nimesoma yote. Marehemu aliwahi kushuka na gari hilo kutoka Mwanga mpaka stesheni breki zimekufa, mimi niko ubavuni kwake. Mtoto wangu hapandi mpaka nilijaribu mwenyewe. Habari ya jeki nitaisema nikija, si humu.

Da Mwaju 15:40
Sawa Baba Mkubwa

Sudi 16:10
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimefunga pula ya mikono mitatu ya kuvutia dramu, nimekaza nikaiacha ivute yenyewe, kila nikitoka kuswali naongeza robo. Upande wa juu umeachia, upenyo kama unene wa ukucha, chini bado

Da Mwaju 16:12
Alhamdulillah. Ila tukodi Noah ya akiba, elfu kumi kumi, nani anaanza

Rama Dar 16:50
Tusubiri kesho

Hidaya 16:51
Dagaa wa harusi nani anafuata Kibirizi?

Da Mwaju 16:51
HIDAYA

Shangazi Tatu 19:06
Noah ya nini tena