Mtoto hali chakula bila simu: tumwachishe vipi?

Mama Makorora (Tanga)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina mtoto wa kiume anayekaribia kutimiza miaka 3, na tunaishi Makorora pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda naye wakati mimi na mume wangu tupo kazini. Mtoto huyu hafungui kinywa mpaka awekewe katuni kwenye simu, na ikizimwa hujitupa chini akalia hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Bibi yake haoni tatizo, kwani mtoto akiwa na simu hutulia, uji anaumaliza, na yeye anapata nafasi ya kupika na kuswali. Naomba kujua mambo mawili: mtoto wa umri huu atazame kwa muda gani, na nimwachisheje bila mama mkwe kuona kwamba ninamkosoa?

Muuguzi wa watoto

Dada, kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka 3 apate angalau dakika 180 za kucheza na kujongea kila siku, na alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama simu imezidi, tazama kwanza kama usingizi na michezo vimepungua.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni hicho chakula. Mtoto anayelishwa huku macho yapo kwenye katuni hatambui kama ameshiba, hajifunzi kula kwa mkono wake, na wala hazungumzi na anayemlisha, ilhali maneno ya mwanzo mtoto huyapata kwa mtu anayemjibu. Anza na hapo, mengine yasubiri. Kaeni mkekani mle naye sinia moja, simu zote zikiwa chumbani. Akikataa, ondoa chakula bila ugomvi na umpe tena wakati wa mlo unaofuata. Ila kama kadi ya kliniki inaonyesha uzito unashuka, au kama bado haungi maneno mawili matatu, mpeleke kituo cha afya akaangaliwe.

Baba Pongwe

Ninaheshimu maelezo ya muuguzi, lakini tusimhukumu bibi. Nyumba nyingi sasa hazina ua, barabarani bodaboda hazina breki, na mtu wa umri wake hawezi kumkimbiza mtoto kutwa nzima. Kwetu simu haikuondoka, tuliifunga kamba tu: tulipakua katuni chache za Kiswahili, tukazima data, na kwenye mipangilio ya Android tukawasha sehemu ya kubana programu, ili mtoto asiweze kutoka kwenye katuni akaingia kwingine. Katuni zikiisha, zimeisha, na hakuna wa kulaumiwa. Data ikiwa wazi, YouTube huleta video nyingine yenyewe, na hapo hata mtu mzima hachomoki. (Bando la wiki nalo siku hizi linafika wiki.)

Mwalimu wa awali, Ngamiani

Ushauri wa Baba Pongwe unafaa, ila katuni kuwa ya Kiswahili haitoshi. Ninapokea watoto wanaoimba hesabu hadi 20 bila kukosea, lakini ukimpa mmoja wao vifuniko vya soda akuhesabie vitano, anakutazama tu. Kinachomfundisha ni mtu kukaa karibu naye na kumuuliza huyu anafanya nini, yule amekwenda wapi. Bibi anapokuna nazi, mtoto apewe kifuu na mwiko wake acheze palepale jikoni mbali na moto, huku wakizungumza. Mchana apate pia muda wa nje, kwa sababu mwanga wa jua huwapunguzia watoto hatari ya tatizo la kutoona mbali.

Bi Chumbageni

Mwanangu, swali lako la pili wamelipita wote. Usimwambie wewe, mwenye mama ndiye aseme, na asianze na habari ya simu. Mumeo amwambie kwamba mtoto sasa amekua na mnapenda ale sinia moja na nyinyi, na mkirudi jioni mama mkwe awaone nanyi mmeziweka zenu pembeni. Halafu mtafuteni binti wa kumshika mkono saa za kupika, maana mkimnyang'anya simu bila kumpunguzia kazi, mtakuwa mmemwongezea mzigo mzee wa watu, na mkishafunga mlango tu kwenda kazini atampa mjukuu wake simu, na mimi sitamlaumu.