Nani katwaa dodoki langu?

(Kikundi: Jamaa wa Langoni, Lamu)

Bibi: Assalaam aleikum. Nani katwaa dodoki langu bafuni? Jipya, halina hata siku tatu.

Swafiya: Waaleikum salaam Bibi. Muulize Nasri. Nimemwona darini na makasi.

Mama Nasri: Nasri?

Mama Nasri: Umesoma, alama za buluu nimeziona. Mjibu bibi yako.

Nasri: Shikamoo Bibi. Ni mimi, nisamehe. Kesho nakununulia jingine sokoni. Nilikuwa natengeneza ua.

Bibi: Marahaba. Ua la nini? Waridi?

Nasri: Si ua la, Bibi. Ni ua wa. Ua wa shamba, kama wa michongoma, ila mdogo wa kuweka mezani. Wa ule mchezo wa vita wa askari wadogo tunaocheza Jumamosi na kina Twaha.

Shangazi Rukia: Alaa! Ndiyo maana akaja dukani kuniomba vile vijiti vya kutazamia koo. Nikampa na vidonge vya kumumunya, namwonea huruma 😂

Nasri: Vidonge nilivila Shangazi, vitamu. Vijiti ndivyo msingi. Kila kimoja sentimita 15, kwa hivyo vyote vinalingana, navipanga mezani nipendavyo.

(picha)

Swafiya: Hii ni ua ama kitana?

Nasri: Hicho bado hakijatiwa majani! Sikilizeni. Dodoki kavu unalikata kwa urefu, unapata mbavu nne. Zile nyuzi za ndani ndizo matawi. Unanyofoa kingo mpaka lisifanane na tofali, maana ua ulionyooka sana unaonekana wa uongo. Unabandika kwenye kijiti kwa gundi nyeupe ya mbao, unapaka rangi ya kahawia iliyokoza mpaka ndani kabisa. Halafu majani: gundi na maji nusu kwa nusu, tone moja la sabuni ya vyombo ili ipenye, unapaka juujuu, unanyunyiza vumbi la mbao lililotiwa kijani. Ukipaka gundi mpaka ndani unaziba matawi yote.

Khalo Athman: Vumbi hilo ni la kwangu, Matondoni. Nilikuona unachota. Ila ulichota chini ya mbambakofi, lile jekundu. Kijani chake kitakuwa kama mchicha uliolala.

Nasri: Wallahi Khalo ndivyo lilivyotoka! Nilidhani rangi mbovu.

Khalo Athman: Njoo uchukue la mwembe, lile limepauka. Na ulichunge, usilete vipande vya magome.

Nasri: Nilichunga.

Mama Nasri: Hivi hili ndilo linalokuweka darini tangu asubuhi? Na lile linuko la rangi juzi?

Nasri: Lile lilikuwa jaribio la kwanza. Nilitumia povu jeupe la boksi la samaki, nikalipulizia rangi ya kopo. Likayeyuka mbele ya macho yangu, likabaki mashimo mashimo. Kumbe dawa iliyomo kwenye rangi ya kopo inakula povu. Sharti ulipake gundi kwanza ikauke, ama utumie rangi ya maji.

Nasri: Jaribio la pili ndilo hili la dodoki. Ila vijiti vimepinda kama ngalawa.

Khalo Athman: Ubao ukiulowesha upande mmoja utapinda tu, na gundi ikikauka inauvuta zaidi. Paka na chini vilevile, halafu uwekee uzito usiku kucha.

Nasri: Nimevilaza chini ya mbuzi.

Shangazi Rukia: Mbuzi wa kula ama ya kukunia?

Bibi: Na mbuzi yangu tena!

Ami Saidi: Nimechelewa kusoma, nilikuwa msikitini. Nasri, vita gani hivyo?

Nasri: Normandy, Ami. 1944.

Ami Saidi: Basi ua wako haujatimia. Wakulima wa kule Ufaransa, karne na karne, walizungushia makonde yao matuta ya udongo, na juu ya tuta miti na vichaka, mizizi imefumana. Wamarekani walipotua Juni mwaka huo, kila konde likawa ngome. Kifaru kikipanda tuta kinainua pua, tumbo linabaki wazi, na chuma cha tumboni ndicho chembamba.

Khalo Athman: Wakapitaje sasa?

Ami Saidi: Sajenti mmoja, Curtis Culin, akaunda meno ya chuma ya kuchomelewa mbele ya kifaru. Vyuma vyenyewe vilitoka pwani, vile vizuizi Wajerumani walivyopanda kuzuia vyombo visifike ufuoni. Kifaru kikawa kinalitoboa tuta badala ya kulipanda.

Khalo Athman: Huyo fundi.

Khalo Athman: Nasri, hao askari wako wana kimo gani?

Nasri: Milimita 28. Yaani kipimo cha 1 kwa 56 hivi.

Khalo Athman: Tuta tuseme mita moja, vichaka mita tatu juu yake. Nne. Gawa kwa 56, ni milimita 71. Wako kwenye picha hauzidi 30. Huo ni ua wa kuku.

Nasri: 😭 30 ni ua wa kawaida Khalo, mtu anachungulia kwa juu.

Khalo Athman: Chukua lile povu la samaki lililobaki, likate mbavu za mshazari, liwe tuta. Gundi na mchanga kwanza, rangi baadaye. Dodoki juu yake.

Bibi: Kwani lazima Ufaransa? Si mcheze Vita vya Shela. Mchanga tu, bure.

Ami Saidi: Bibi kasema. 1812 au karibu yake, jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa likapigwa na watu wa Lamu palepale Shela. Wakakimbilia vyombo, wakakuta maji yametoka, vyombo vimepwelewa.

Nasri: Tulijaribu Ami. Kwenye mchanga mtupu kila mtu anamwona kila mtu, raundi tatu mchezo umekwisha. Ua ndio unaokufanya usimame ufikirie upite wapi.

Bibi: Nimeitazama ile picha tena. Huo ua wako mlango wake uko wapi? Mwenye konde anaingizaje ng'ombe?

Nasri: …

Nasri: Sijatengeneza mlango.

Bibi: Chukua vijiti vya meno ufanye. Viwili vitatu vya kulala, kimoja mshazari.

Ami Saidi: Na hapo mlangoni ndipo Mjerumani alipokuwa akielekeza bunduki.

Nasri: Ahsante Bibi. Sasa vimebaki vipande vinne na dodoki limekwisha. La Mama lile la jikoni…

Mama Nasri: Usithubutu. Na nilikuwa nataka kuuliza, chungio langu la chai mbona kijani?

Swafiya: 👀

Shangazi Rukia: Mimi leo chai nakunywa kwangu.