Mjadala: Subaru za makelele zikamatwe Nakuru au ziachwe?

Mama Section 58: Nauliza bila kuzunguka. Hizi Subaru kuukuu zilizong'olewa sailensa zinapita hapa saa saba usiku, vioo vinatetemeka, mtoto anaamka. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, sasa ni jiji gani hili la kulala kwa zamu? Trafiki wazikamate? Na msiniambie ati ni vijana. Wengine wana vipara.

Boksa Nne: Mama, kwa heshima, hiyo ya vipara umenilenga. Subaru yangu, WRX, ni ya 2001. Ekzosi ya kiwandani ililiwa na kutu kwenye maungio, moshi ukawa unaingia ndani. Nimeweka bomba la inchi tatu kutoka kwa turbo hadi nyuma. Moshi ukitoka bila kubanwa, turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, inaamka mapema. Fujo iko wapi hapo?

Fundi wa Shabab: Kompyuta ya injini ulirekebishiwa? Ukifungua bomba hivyo na kuacha kompyuta ilivyo, presha ya turbo inaweza kupanda kupita kiasi, na pistoni za EJ20, injini yako hiyo, hazina huruma. Halafu kelele si lazima. Kuna sailensa za kupitisha moshi moja kwa moja, zimezungushiwa sufi ya glasi, gari linapumua na majirani wanalala. Ule mdundo mnaoupenda unatoka kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea injini, mabomba yake hayalingani urefu. Kung'oa sailensa kunaongeza makelele tu.

Lanet Damu: Fundi, mbona huongei habari ya katalisti, kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi? Mteja anaambiwa imeziba, inatolewa, platinamu na paladiamu zinauzwa, yeye anarudi nyumbani na bomba tupu.

Fundi wa Shabab: Bosi, unanijua? Kwangu kila kinachotoka kinawekwa kwa buti ya mwenyewe, anakiona. Usinipake tope.

Mzee wa Milimani: Watoto nyinyi. Colin McRae alishinda Safari Rally 1996 na Subaru Impreza ikinguruma, na hakuna aliyelia usingizi.

Boksa Nne: Shikamoo mzee. 1996 ni Tommi Mäkinen, na Mitsubishi Lancer. McRae ni 1997.

Mzee wa Milimani: 1997 ulikuwa darasa la ngapi? Mimi nilikuwa kando ya barabara nikila vumbi.

Lanet Damu: Vumbi lilikuingia machoni basi. Na mkitaja Safari mtajeni Patrick Njiru. 1993 alifika mwisho na Subaru Vivio, kagari kenye injini ya cc 660, akawa wa 12. McRae alikuwa na Vivio nyingine, hakumaliza. Inchi tatu ilikuwa wapi?

Mama Section 58: Nimeuliza habari ya usingizi jamani.

Njoro Juu: Mama, kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009. Lakini nani atasimama Kenyatta Avenue saa saba usiku na kipimo cha sauti?

Mama Section 58: Kipimo cha nini? Sheria ya trafiki inataka gari liwe na sailensa. Ainame, aangalie chini.

Boksa Nne: Akiinama atataka chai kwanza.

Mzee wa Milimani: Lancer! Gari la kupeleka maziwa KCC!

Boksa Nne: Mzee, hiyo ya maziwa ilishinda 1996 na tena 2001. Heshima tafadhali.

Lanet Damu: Vivio inapatikana wapi hapa Nakuru? Nauliza kwa uzito.

Fundi wa Shabab: Njoo Shabab kesho. Uje na pesa, maneno ya katalisti uyaache Lanet.