Bwawa la nyuma ya nyumba: nifunge sasa au nisubiri baridi ikolee?

Mdigo wa Ohio (20 Septemba)

Wakuu, habari za humu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa nane sasa, ila kwenye mambo ya bwawa mimi ni mgeni kabisa. Nyumba tuliinunua Aprili ikiwa na bwawa lake uani, la kuchimbiwa, ngozi ya vinili (plastiki iliyotandikwa ndani), galoni kama 18,000. Kwetu Tanga pa kuogelea ni baharini na bahari haifungwi, kwa hiyo mnivumilie nikiuliza ya kitoto. Huku baridi ikija bwawa linafungwa: maji yanatolewa mabombani yasigande, kisha linafunikwa turubai hadi Mei.

Mchana bado tunapata nyuzi 78 (za Farenhaiti), usiku inashuka hadi 55. Jirani wa kulia alifunga la kwake mara tu baada ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba. Wa kushoto jana nimemwona anaogelea. Mke wangu anasema tufunge, umeme wa pampu unatukamua na anayeingia majini amebaki kitinda mimba peke yake, ana miaka 5. Kampuni moja imetaka dola 350, na nafasi waliyonayo ni Jumanne ijayo. Nikiikosa ni hadi Novemba. Halafu kuna mwaloni futi 10 hivi kutoka bwawani, haujaangusha hata jani moja.

Nifunge lini? Na kazi yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa mikono yake?

Mama Wawili

Hongera ya nyumba, mdogo wangu. Jumanne iache ipite.

Mimi niko Pennsylvania, bwawa letu lina mwaka wa sita. Mwaka wa kwanza nilifunga mwanzoni mwa Septemba kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unafunga. Maji yalikuwa 76. Nikatandika turubai, nikajisifu. Mei nimefunua, nakuta mchicha wa nazi! Harufu usiseme, na vyura wamehamia na ukoo wao. Hela niliyomwaga kwenye klorini wiki mbili hizo ningelipa ada ya mtoto.

Mwani unapenda maji ya uvuguvugu. Ukishafunika, pampu imezimwa, hakuna anayeongeza dawa, na klorini uliyoiacha inaisha kidogo kidogo wakati baridi yenyewe iko mbali. Maji yakishuka hadi 60 na kuendelea chini, mwani unapooza. Siku hizi nasubiri nisome 60 au pungufu kwa siku 5 au 6 mfululizo, ndipo nafunga. Nunua kipimajoto cha kuelea, bei yake ni ya soda na andazi. Baridi ya usiku usiifuate, hewa inaweza kuwa 45 na maji yako bado yako 70.

Sisimizi wa Minnesota

Dada kasema kweli, ila usije ukalala kwa maneno hayo. Mimi nilisubiri mpaka nikapitiliza. Ilikuja baridi kali usiku mmoja, umeme ukakatika saa nane, pampu ikasimama. Asubuhi tangi la chujio limepasuka toka juu hadi chini kama nazi iliyopigwa panga. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, na yakiwa ndani ya plastiki hayana pa kwenda.

Bwawa lenyewe haligandi kwa usiku mmoja, lina maji mengi. Kinachoumia ni mabomba yaliyo juu ya ardhi, pampu, chujio na hita. Kwa hiyo huu muda unaosubiri maji yapoe, kila usiku ukisikia utabiri wa 32, yaani nyuzi za maji kuganda, washa pampu ikeshe. Maji yanayotembea ni shida kuganda.

Kijana wa Mbezi

Wakuu huku maji ya bomba yanatoka Jumatano na Jumapili, nyie mnajadili galoni 18,000 za kufunikwa na turubai. Mungu anawaona 😂 Nimekaa pale, endeleeni.

Bin Saleh Muscat

Kijana umenichekesha. Sisi huku Muscat mambo yamepinduka: mwezi wa saba bwawa la uani lawa kama chai, watoto hawatii hata mguu. Mwenye nacho aweka mashine ya kupoza maji. Sisi wengine twangojea Desemba ndiyo twaogelea. Kufunga bwawa kwa baridi sijawahi kulisikia hata siku moja, nimejifunza.

Fundi Vizibo

Hii ndiyo kazi inayonilisha, New Jersey, msimu wa tisa. Kwa Columbus mimi ningesema kuanzia katikati ya Oktoba, lakini kipimajoto ndicho kiseme. Mwenye bwawa la chumvi, lile ambalo mashine inatengeneza klorini kutoka kwenye chumvi, naye ajue kuwa maji yakifika karibu na 60 mashine nyingi zinaacha kutengeneza klorini, aongeze ya dukani.

Kuifanya mwenyewe inawezekana, ila sehemu moja nakusihi usiibahatishe: kupuliza mabomba. Unatumia kompresa, unasukuma maji yote yatoke kwenye skima (tundu la ukingoni linalonyonya maji ya juu) na kwenye matundu ya kurudishia maji, na pale mapovu yanapotoka kwa nguvu unaziba tundu kwa kizibo cha mpira maji yasirudi. Huko chini ya udongo bomba likipasuka, utajua Mei, na utachimba uwanja. Kama hujawahi, lipa mtu mwaka huu, simama karibu, tazama kila anachofanya. Mwakani utafanya wewe.

Maji usiyatoe yote! Wageni wengi wanafanya hivyo wakidhani ndiyo usalama. Ngozi ya vinili ikikaa bila maji inasinyaa na kuvutika vibaya, na maji ya ardhini yanaweza kuisukuma kutoka chini. Bwawa la fiberglasi nimeliona limeinuka kabisa. Punguza tu yashuke chini kidogo ya mdomo wa skima.

Siku chache kabla, sawazisha pH (kipimo cha asidi ya maji) ikae 7.2 hadi 7.6, kisha piga klorini kwa wingi jioni. Aina mbili za klorini usizichanganye kwenye ndoo moja, zinaweza kulipuka. Ukitia dawa ya kuzuia kuganda kwenye mabomba, iwe ile ya mabwawa. Ya gari ni sumu.

Sasa swali langu: turubai lako ni la aina gani? Umesema una mtoto wa miaka 5.

Mdigo wa Ohio

Asanteni sana. Tumelikuta gereji, la plastiki ya bluu, linashikiliwa na mifuko ya maji pembeni.

Fundi Vizibo

Hilo ni la kuzuia uchafu tu. Mtoto akilikanyaga linazama naye na kumfunika, na kutoka juu hutamwona. Kama huna uzio wenye geti linalojifunga, nunua lile la usalama linalofungwa kwa mikanda kwenye sakafu ya pembeni. Bei itakuuma, lakini hapo sitakubembeleza.

Mama Wawili

Na mwaloni je? Mwaloni ni mchelewaji, unaweza kuendelea kupukutisha hadi Novemba. Majani yakilala majini yanatoa rangi ya chai na kuacha madoa. Tandaza wavu wa majani juu ya turubai, yakiisha unauvuta na mzigo wake wote. Mume wangu alisema anakata mti. Mti upo, mume yupo, wavu upo.

Mdigo wa Ohio (26 Oktoba)

Wakuu, mrejesho. Jumanne ile niliiacha. Tarehe 21 Septemba maji yalikuwa 71, na kitinda mimba akaogelea wiki nzima, midomo ya zambarau, hataki kutoka. Tarehe 15 Oktoba yakafika 60, wiki iliyofuata 57, yakabaki huko. Usiku miwili pampu ilikesha na mimi nikakesha nayo, naisikiliza kama mgonjwa.

Jana kaja fundi mwingine kwa dola 300, nimemsimamia kama mwalimu wa mitihani. Turubai la mikanda limefungwa, wavu uko juu na tayari umejaa. Mke wangu ananuna kwa bili ya umeme, ila turubai amelipenda.

Swali la mwisho: fundi ameniachia plagi nne ndogo, anasema ni za kutolea maji kwenye pampu na chujio. Nizihifadhi wapi?

Fundi Vizibo

Ndani ya kikapu cha pampu, leo hii, kabla hujaingia ndani kunywa chai. Kila Mei napigiwa simu na watu wanaozitafuta gereji.