Kujifungua bila dawa ya maumivu: kituo cha afya au hospitali ya mkoa?

Mama Kijacho
Habari zenu, mama zangu na dada zangu. Nina ujauzito wa kwanza, wiki ya 34. Kliniki wameniambia kwamba mtoto ametanguliza kichwa na presha yangu iko sawa. Ningependa kujifungua bila sindano ya kupunguza maumivu, na ninasita kati ya kituo cha afya kilicho jirani, ambako wakunga wananifahamu, na hospitali ya mkoa, yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, ila wodi ya wazazi hujaa mno. Kuhusu maandalizi, mama mkwe anasisitiza kutembea, na rafiki yangu anasifu mazoezi ya kupumua. Mliopitia, mngechagua nini?

Mama Wawili
Hongera, mdogo wangu. Mimi nilijifungua mara zote mbili bila dawa, na kilicholeta tofauti hakikuwa ukubwa wa jengo. Mara ya kwanza nililazwa chali tangu nilipofika, nikiwa peke yangu, na kila uchungu ulipokuja nilikaza mwili mzima hadi taya zikaniuma. Mara ya pili dada yangu aliruhusiwa kuingia leba. Nilisimama nimeinamia kitanda, naye akanikandamiza kiuno kwa viganja viwili, akianza niliposema "unakuja" na kuachia ulipopoa. Uchungu haukupungua sana, lakini hofu iliondoka. Kupumua pia kulinisaidia, kwa sababu nilikuwa nimejizoeza kila usiku kwa mwezi mzima kutoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta. Ukisubiri kujifunza siku yenyewe, umechelewa.

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, mama mkwe na rafiki yako wote wana hoja. Kutembea, kusimama na kuchuchumaa humsaidia mtoto kushuka, na kupumua hukutunzia nguvu, ambazo utazihitaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu leba iliyoshika kasi kuanzia njia inapofunguka sentimita 5, na kwa uzazi wa kwanza kipindi hicho kwa kawaida hakizidi saa 12. Wengi hukata tamaa kwa sababu walianza kuhesabu saa tangu uchungu wa mwanzo kabisa, wakanyimwa usingizi, wakaacha na kula. Uchungu ukiwa bado wa mbali, kunywa uji, oga maji ya uvuguvugu, upumzike.

Ukichagua kituo cha afya, uliza mapema gari la wagonjwa linapatikana vipi usiku. Hilo ndilo ninalolipima kwanza, kwa sababu ujauzito usio na tatizo unaweza kubadilika ndani ya saa moja.

Baba Mtarajiwa
Shikamoo mama. Mke wangu ameletewa mitishamba ya kuongeza uchungu. Je, nayo ni sehemu ya uzazi wa asili?

Mkunga Mstaafu
Marahaba, baba. Tafadhali msiitumie. Dawa hizo hazina kipimo, na uchungu ukizidi nguvu unaweza kumkosesha mtoto hewa au kupasua mfuko wa uzazi. Vilevile, asiikatae sindano ya oksitosini anayochomwa mara mtoto anapozaliwa: hiyo si ya maumivu, ni ya kuzuia damu isitoke kupita kiasi. Na akiona damu kabla ya kujifungua, chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani, au mtoto akipunguza kucheza, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Mama Kijacho
Nawashukuru sana. Moyo wangu umeelemea kituo cha afya, lakini Alhamisi nikienda kliniki nitauliza mambo mawili kwanza: kama dada yangu ataruhusiwa kuingia leba, na gari la wagonjwa hulala wapi. Nikikosa jibu la gari, nitakwenda hospitali ya mkoa. Mazoezi ya kupumua ninaanza leo usiku.