Naomba ushauri: Land Rover 109 ya 1976, chasisi imeliwa na kutu

Habari zenu wakuu.

Nipo Tanga. Nimepata Land Rover 109 Series III ya 1976, injini ya petroli lita 2.25. Imelala chini ya mwembe karibu na bahari miaka tisa. Mzee mwenye gari anataka milioni nne na nusu, kadi ya usajili ipo kwa jina lake.

Bodi hainipi presha, ni aluminiamu, mikwaruzo na mabonde tu. Injini tumeizungusha kwa hendeli, haijaganda. Shida ni chini, kwenye chasisi (fremu inayobeba gari zima). Nilipita na nyundo na bisibisi: boriti ya nyuma inamomonyoka kama biskuti, na bisibisi imezama kabisa pale springi za nyuma zinapofungwa. Mbele ni kutu ya juujuu. (Mke wangu ameshauita mkweche na hata haujafika nyumbani.)

Nimeuliza mafundi wawili. Wa kwanza anasema akate sehemu mbovu achomelee bati la milimita 3. Wa pili anasema viraka kwenye chasisi ni kujidanganya, nitafute chasisi nzima. Ila namba ya gari imegongwa kwenye chasisi hiyohiyo, na naogopa usumbufu wa kadi.

Maswali yangu:

Kwa aliyewahi kuchomelea chasisi ya 109 hapo kwenye springi, ilidumu kwa mizigo na barabara ya vumbi?

Na aliyebadilisha chasisi nzima, suala la namba na kadi alilimalizaje?

Mzee amenipa hadi Jumamosi.