Muuza darubini kanilia laki na nusu ya "bodi mbovu", kumbe ni setingi ya saa tu

Wakuu habari za usiku. Naandika nina hasira na sitaki kuzunguka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Mikindani, Mtwara. Mwaka jana baada ya malipo ya korosho mimi na walimu wenzangu wawili tulichanga tukanunua darubini ya kompyuta, mtumba, kioo cha milimita 127, zile zenye rimoti ya waya, unachagua nyota kwenye menyu unabonyeza, mota zinaizungusha zenyewe mpaka kwenye hiyo nyota. Milioni moja na laki mbili. Muuzaji yuko Dar, jina simtaji ila anajijua na najua humu anapita.

Tarehe 14 Julai tukawatoa watoto 40 wa kidato cha tatu mpaka uwanjani, kipupwe hiki anga limetakata halina hata wingu, tripodi nimeinyoosha kwa pima maji, nikafuata hatua alizonitumia kwa voisi. Anasema andika saa uliyonayo hapo, ni saa mbili na robo, andika 02:15. Nikaandika. Aliyekuuzia kitu ndiye anakuelekeza, utambishia nini. Nikaomba Antares, ile nyekundu, iko upande wa mashariki imeshapanda juu ya minazi kila mtoto anaiona, mashine ikageuka ikaenda magharibi ikaishia kwenye paa la darasa. Nikaomba Spica, inang'aa juu kule, rimoti inaniambia iko chini ya upeo wa macho. Nikazima, nikawasha, yale yale. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi alikuja kuangalia, akaishia kuwaonyesha watoto Msalaba wa Kusini kwa kidole. Saa nne wakarudi bwenini hawajaona kitu, na kuna binti alikuwa kaandaa daftari zima la kuchora, ile sura yake sijaisahau mpaka leo.

Nikampigia jamaa. Kwanza kasema betri. Nikanunua nane mpya, hamna kitu, nikaazima betri ya pikipiki ya volti 12, hamna kitu. Ndipo akasema bodi, yaani ile sakiti ya umeme ya ndani, imekufa, itume, laki moja na nusu. Nikaipakia kwenye basi, kilomita zaidi ya 500 hizo, ikakaa kwake wiki tatu, ikarudi na karatasi imeandikwa "bodi imebadilishwa". Nikaiwasha, nikaomba Antares, ikaenda kule kule inakoenda siku zote!

Sasa sikilizeni ugonjwa wenyewe ulikuwa nini. Rimoti inataka saa za kizungu, na za saa 24. Saa mbili na robo usiku unaandika 20:15. Ukiandika 02:15 yenyewe inajua ni saa nane na robo usiku wa manane, na anga linazunguka nyuzi 15 kila saa moja, kwa hiyo saa sita za tofauti ni nyuzi 90, robo nzima ya duara, ndiyo maana cha mashariki inakitafuta magharibi. Mtu unawauzia mashine Waswahili, na wewe mwenyewe Mswahili, hujui kwamba saa zetu tunaanza kuzihesabu asubuhi jua likichomoza? Hili lilihitaji bodi gani?

Nikarekebisha saa, bado ikakosa nyuzi 15. Nikarudi kwenye menyu moja baada ya nyingine nikakuta lile swali la deilaiti sevingi, ile ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi kama wanavyofanya Ulaya, yeye aliniambia nijibu ndiyo. Tanzania hatuna kitu hicho, tuko ukanda wa saa wa +3 (saa tatu mbele ya Greenwich) mwaka mzima, jibu ni hapana. Saa moja tu hiyo lakini nyuzi 15 ni upana wa Mwezi mara 30, utapapasa mpaka alfajiri huioni nyota.

Na tarehe inaanza mwezi ndipo siku. Mimi nilipoandika 14 mwanzo ikakataa nikashtuka, lakini mtu akianza tarehe 5 Julai kwa kuandika 05/07 haitakataa, itajua ni Mei 7 na utapotea bila kuambiwa. Ile karatasi yake nyingine inasema anza kwa kuelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Nyota ya Kaskazini Mtwara? Tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta, ile kwetu iko chini ya ardhi, haionekani hata uipande minara yote. Katafsiri maelezo ya watu wa huko akatuuzia.

Wiki iliyopita nimeweka 20:15, sevingi hapana, longitudo 40°07' E, latitudo 10°16' S, ukanda +3. Nikaomba Antares ikaingia ndani ya kioo. Nikaomba Omega Kentauri, lile fungu la mamilioni ya nyota ambalo Ulaya sehemu kubwa hawalioni kabisa, likatokea kama sukari iliyomwagika kwenye kaniki. Yule binti alichora mpaka kalamu ikaisha.

Kwa bodi ile ile, kwa sababu nimeifungua, skrubu zina kutu ya zamani hakuna iliyoguswa, picha ninazo.

Sasa wewe jamaa, nataka laki na nusu yangu na nauli ya basi kwenda na kurudi. Leo nimepiga mara nne hupokei. Risiti ninayo, voisi zako ninazo zote. Na kama kuna mwingine wa Lindi au Masasi kauziwa na huyu na kaambiwa bodi imekufa, asitume kitu, anitafute inbox kwanza tuangalie saa yake. Wa Lindi mjini weka 39°43' E, 10°00' S.